Nilivyoipita Nyumba ya Filozofi

Majirani zangu wa Mapendo, hapa Goma, na ninyi mama wa samaki wa Kituku munaonishika mukono kila ninapopita, nimechoka kusimulia vipande-vipande. Nikianza kwenye ndege, mumoja anataka nirudi barieri ya mpaka. Nikirudi barieri, mwengine anauliza kama ni kweli wazungu wanabusu mbwa. (Ni kweli. Nimeona.) Basi nimeandika yote mara moja. Mimi nilisoma mpaka ya tatu ya primeri tu, halafu nikaingia biashara ya samaki wa Vitshumbi, kwa hiyo mustari ukipinda ninyi muunyoshe. Mambo ya paspoti na viza siandiki. Yalikwisha, na kuyakumbuka kunaniumiza tumbo.

Kabla ya kuondoka: hilo neno

Munajua habari ya Kavira wetu, hata ninyi vijana ambao hamukumuona. Vita ilipofika Rutshuru alikuwa kule kwa shangazi yake, anasoma. Walikimbia na watu wengine, wakapita Bunagana, wakaingia Uganda, na kambi ya wakimbizi ndiyo iliyomulea. Toka kambini yeye na shangazi walipelekwa Holande. Shangazi akafia kule. Kavira akabaki na vitabu vyake. Mimi na mama yake tulikuwa na sauti yake tu ndani ya simu, sauti iliyoondoka ikiwa ya mutoto na ikakomaa mbali na masikio yetu.

Siku moja anatupigia: "Papa, namaliza filozofi. Nitakuwa dokta."

Hapo ndipo kichwa kiliniuma. Kwetu filozofi inajulikana. Ni ile nyumba ya kwanza wanapoingia vijana wanaotaka kuwa padri, kabla ya teolojia. Mutoto wa mutu akiingia filozofi, mama yake anaanza kutembea pole-pole kanisani ili kila benchi limuone. Sasa binti anafanya nini mule? Na dokta tena? Papa Bahati, fundi cherehani wa pale pembeni, hakuniachia nafasi.

"Ee muzee, kumbe unaenda Ulaya kumuvalisha binti kanzu ya padri?"

"Anasema si ya padri."

"Filozofi isiyo na misa! Na huyo dokta wa filozofi anatoa dawa gani? Ya kikohozi ao ya minyoo?"

"Nitaenda kuona, nitakuletea kidonge kimoja."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini usiku sikucheka. Sababu Kavira alikuwa ameniambia jambo lingine, na hilo sikumuambia Bahati. Alisema: "Papa, siku ile maprofesa wakishaingia, wanafunga mulango. Hata aje mutawala gani, hawafungui tena. Nilipopata kipaimara kambini, sikuwa na mutu. Nilipomaliza shule, sikuwa na mutu. Tulipomuzika shangazi, nilisimama peke yangu na padri. Mara hii nataka nikigeuza kichwa nione mutu wa kwetu."

Mama yake munamujua, miguu haimubebi hata mpaka Kituku. Kwa hiyo ilikuwa ni mimi ao hakuna mutu.

Mapendo mpaka Kigali

Uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa sababu ya vita, hilo si habari mupya kwenu. Njia ilikuwa kuvuka barieri kwa miguu na kutafuta ndege Kigali. Nilibeba begi moja la nguo na kiroba cha samaki wakavu wa Vitshumbi, wale wa chumvi, maana huwezi kwenda kumuona mutoto mikono mitupu, hata kama mutoto mwenyewe anakula kwenye inchi ya maziwa.

Tukafika barieri, imefungwa. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Mumoja anasema mukubwa fulani anapita, mwengine anasema walisikia milio ya bunduki upande wa Sake. Tulikaa pale jua likatuchoma, mvua ikatupiga, jua likarudi. Akina mama waliokimbia vijiji walikaa juu ya magodoro yao yaliyofungwa kamba, wakinyonyesha. Mumoja alinipa muhogo wa kuchoma, nikamupa samaki, tukala kama watu wa nyumba moja, na sikumuuliza jina lake. Jioni wakatuambia turudi kesho. Ndege yangu iliondoka bila mimi, ikaenda na kiti changu kitupu.

Kesho yake wakafungua kidogo, upana wa mutu mumoja, na watu wakasukumana. Kijana wa barieri ananitazama mimi na kiroba changu.

"Muzee, unaenda wapi na harufu hii?"

"Naenda Ulaya. Kwa mutoto wangu. Anamaliza filozofi."

Yule kijana akasimama wima. Akatoa kofia. "Filozofi! Wewe ni papa wa padri?"

Sasa ningesema nini? Foleni nyuma yangu ilikuwa inafika mpaka kesho. Nikasema: "Njia yake bado ni ndefu."

"Papa, amuombee mama yangu, na atuombee na vita hii iishe." Akanishika mukono, akanipitisha mbele ya wote. Niliona haya, lakini nilipita. Na Kavira nimemuambia, ana deni la sala kwa kijana yule, awe padri, asiwe padri.

Kwenye basi ya Kigali milima inakuzungusha mpaka unasahau tumbo lako liko upande gani. Dada mumoja aliyevaa vizuri alilalamika juu ya kiroba changu njia nzima, halafu kwenye kona za mwisho akatapika yeye, si samaki. Nikamupa maji yangu.

Juu angani

Ndege nyingine ilipatikana, musiniulize namna gani. Ila hesabu ilikuwa imebadilika. Badala ya kufika na siku ya kupumzika, ningefika asubuhi ya siku yenyewe. Saa za muchana, Kavira alisema, mulango unafungwa.

Pembeni yangu alikaa sista muzee, Muitaliano, aliyekaa Masisi, kule kwenye ng'ombe na jibini nzuri, miaka mingi sana. Kiswahili chake ni kile cha misioni, kimepigwa pasi. Walipoleta chakula, sahani ndogo kama ya kuchezea mutoto, kulikuwa na kipande cha jibini. Nikakionja. Yeye akakionja. Tukatazamana.

"Baba, hii si ya Masisi," akasema.

"Sista, hata ng'ombe yake angeona haya."

Akacheka mpaka akashika msalaba wake. Nikamueleza safari yangu, na nikataja filozofi, nikingojea aulize kama mutoto wangu ni padri. Kumbe akapiga makofi: "Filosofia! Binti! Vizuri sana!" Nikamuuliza filosofia ni nini tena. Akasema ni ile ile ya kwangu, kwao wanamalizia na a. Nikamuuliza na kwa Wahispania? Filosofia. Na kwa Wafaransa, hiyo najua mwenyewe. Nikamuuliza inchi zingine za Ulaya, zile zenye majina magumu, na kila moja anaitaja anainamisha kichwa: filosofia, filozofia, filozofiya.

Mimi nilishangaa. Sisi toka Goma mpaka Butembo, safari ya muchana mumoja kama njia ni nzuri, unavuka lugha ngapi? Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, na kila moja ina jina lake la muhogo. Na hawa wazungu, waliopigana vita zile tulizosikia, kwa hili jambo moja wanaitika sauti moja! Nikawaza moyoni: muzee, umepata ufunguo wa Ulaya nzima. Neno moja tu. Ulishike vizuri.

Nikalala na neno mudomoni.

Brisele na treni ya makayabo

Na kweli ufunguo ulifungua. Pale Brisele, kwa Wabelgiji, polisi wa nyuma ya kioo ananiuliza kwa Kifaransa ninakuja kufanya nini. Kifaransa changu ni cha soko: nauza, punguza, hapana, asante. Nikasema: "Filozofi." Akanitazama, kofia yangu, koti langu alilonishonea Bahati, akacheka kwa pua. Akasema yeye alianguka hiyo mutihani akiwa shule. Akagonga muhuri. Nyuma yangu kijana mwenye komputa alikuwa bado anaulizwa.

Kavira alikuwa amenieleza kwa simu: treni, halafu unashuka unachukua treni nyingine, halafu Holande. Nikapanda. Ile treni ikaenda vizuri, halafu ikasimama katikati ya mashamba, na ng'ombe wanatutazama. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeshuka kusukuma. Kila mutu anaangalia simu yake. Kwetu gari ikikwama tungekuwa tumeshajuana majina, na mumoja amekwisha kuanza kuuza mayai.

Njaa ikanishika, nikafungua kiroba. Ee ndugu zangu! Bwana wa mbele yangu alisimama akahamia kwingine. Wa pili akamufuata. Nikabaki na benchi zima peke yangu kama mukubwa wa kanisa. Nikaanza kuona haya, nikawa nafunga, na hapo mwanamuke mumoja munene, nywele nyeupe, anatoka mwisho wa behewa, anakuja moja kwa moja, pua mbele.

"Hii ni nini?" kwa Kifaransa kama changu, cha kazi.

"Samaki wa chumvi. Makayabo."

Akakaa. Akachukua kipande bila kuambiwa karibu, akakivuta harufu na macho yakamujaa machozi. Alikuwa Mureno. Kwao, anasema, bila samaki wa chumvi hakuna Noeli, na yeye amekaa Brisele miaka ya kusafisha nyumba za watu na hajakutana na mutu anayebeba samaki hivi, mukavu, ndani ya gunia, kama marehemu baba yake. Nilimupa nusu. Yeye akatoa mukate na mafuta ya zeituni ndani ya chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akaosha samaki kwa maji ya chupa, akamwaga mafuta. Sijui kama ni njaa, lakini ninyi mama wa Kituku, mujaribu. Mafuta, mukate, samaki. Musimuongeze chumvi.

"Papa, unaenda wapi?"

"Kwa filozofi."

"Filosofia! Ai, muzee, na umri huu unaenda kusoma?"

"Si mimi, ni binti."

"Basi binti ana akili ya kutosha ninyi wawili," akasema, na kunipiga bega.

Tulisema mengi kwa maneno na mikono: waume, watoto, magoti. Treni iliondoka lini sijui. Mwishowe yeye anashuka, ananibusu shavu hili na hili, na mimi nabaki nimeshiba, napunga mukono. Mahali pa kubadilisha treni pamekwisha kupita tukiwa tunatoa miiba. Nilipouliza mutu tena, "Holande?", akanionyesha nyuma, upande wa kushoto. Tulikuwa tumeingia Ujerumani.

Ujerumani, bila kukusudia

Nisiwadanganye, hapo niliogopa. Nilishuka kwenye gare kubwa ya treni, baridi inaingia mpaka kwenye meno, saa kubwa ya ukutani inaning'inia juu ya kichwa changu, na mulango wa Kavira unakaribia kufungwa. Nilimuona kwa mawazo ameketi mule, anageuza kichwa, na kiti kitupu.

Nikafuata harufu ya nyama. Kulikuwa na kibanda, na ndani bwana mwenye sharubu kubwa anakata nyama kwenye chuma inayozunguka. Nikamuambia kwa Kifaransa: "Nimepotea. Naenda Holande. Filozofi."

Yule bwana akaweka kisu chini. "Umesema nini?"

"Filozofi."

Akajipiga kifua kwa ngumi. "Yetu hiyo! Sisi Wagiriki! Hawa wote," akazungusha mukono kwenye gare nzima, "wamekopa kwetu, na hawajarudisha!" Alikuwa amefanya kazi Brisele, Kifaransa alikijua. "Unajua maana yake? Filo ni kupenda. Sofia..."

"Mama Sofia?" nikamukata.

Nani alimuambia huyu mutu habari ya Mama Sofia wa Kituku? Mungu anajua nilikwenda pale kununua samaki wadogo wa sambaza tu, na muke wangu anajua, na tulikwisha kumaliza maneno hayo. (Mama Sofia, unisamehe kukuandika, lakini safari ni safari.)

"Sofia ni hekima," akasema yule Mugiriki. "Filosofia, kupenda hekima."

"Kupenda ni filo?"

"Ni filo."

"Basi mimi nakaa ndani ya filo. Mutaa wetu unaitwa Mapendo."

Hakuamini mpaka nilipomuonyesha kwenye simu, jina limeandikwa. Akaita wenzake wawili wa ndani waje kutazama muzee anayekaa kwenye nusu ya neno lao. Akanifungia nyama kwenye mukate, akakataa nilipe, akachukua simu yangu mwenyewe akamupigia Kavira.

"Papa! Uko wapi?"

"Kwa Wajerumani."

Halafu sauti yake, ile aliyokuwa akiitikia nilipomutuma maji na ndoo, ya utoto kabisa: "Papa, wananivalisha saa hii. Siwezi kuja kukuchukua. Ukifika, uliza tu filozofi, kila mutu anaijua nyumba. Papa, fanya haraka."

"Mutoto yangu, ninakuja hata kwa magoti."

Mugiriki alifunga kibanda chake. Kweli, alifunga, na watu wamepanga foleni. Akanikimbiza kwa ngazi, akanikabidhi kwa mama wa treni mwenye kofia, akamuambia maneno marefu ambamo nilisikia filosofia mara nyingi kama amina. Yule mama akanikalisha karibu na mulango, na kila alipopita alinichunga kama mayai.

Holande: neno limegoma

Nikashuka. Inchi imelala chini kama meza, na baiskeli zinakuja toka kila upande bila kengele. Nikashika kijana wa kwanza: "Filozofi?" Akaonyesha nyumba ya matofali mekundu, yenye saa juu. Karibu kabisa! Nikamushukuru Mungu, nikakimbia, nikafika, nikatafuta kibao.

Mimi nasoma pole, lakini nasoma. Nilikuwa natafuta F. Kama si F basi P na H, vile Wafaransa wanavyoandika, Kavira alinifundisha kwa simu. Kibao kilikuwa kikubwa, herufi za shaba. Na ya kwanza ilikuwa W.

W, I, J, S. Nikajikaza: wi-jis. Halafu be. Halafu ge, halafu e nyingine, halafu rite. WIJSBEGEERTE. Nililisoma toka mwanzo mpaka mwisho na toka mwisho mpaka mwanzo, hakuna filo mule, hakuna sofi. Nikaona ile "be" ya katikati, nikasema hii ni nyumba ya bia. Yule kijana ameona muzee, akafikiri ana kiu.

Nikaipita.

Nikamuona mama na mbwa. "Filozofi?" Akageuka, akanionyesha nyumba ile ile. Nikamuambia kwa kichwa, hapana, ile ni bia. Yeye anasema ndiyo, kwa kichwa. Tukabishana kwa vichwa mpaka mbwa akabweka. Nikazunguka nyumba kwa nyuma, labda filozofi iko uani, kama vile kwetu shule inavyojificha nyuma ya kanisa. Uani kulikuwa na baiskeli tu. Nikauliza bwana mwenye kitabu. Naye anaonyesha ukuta uliokuwa mbele yangu!

Hapo nikajua wananicheza. Inchi nzima imekubaliana kumucheza muzee mweusi mwenye kiroba. Niliwaza Brisele, niliwaza sista, Mugiriki na ngumi yake, wote hao neno lao lilikuwa moja, na hapa mwisho, mita chache toka kwa mutoto wangu, neno limegoma kama punda. Nikasimama katikati ya njia, nikapaza sauti kabisa, kama nauza samaki: "Filozofi! Filosofia! Filozofia! Sofia!"

Baiskeli zikasimama. Binti mumoja mwenye nywele za rangi ya karoti akaacha yake ikaanguka, akanishika mukono bila kusema kitu, akanirudisha mpaka kwenye kile kibao cha shaba. Akachukua kidole changu, akakiweka juu ya herufi, na akasema pole-pole: "Filosofie." Akaonyesha tena: "Filosofie." Ni hii.

Mwanga ukaingia. Kumbe ni kama mutoto mwenye majina mawili! Paspoti ya Kavira inasema Jeanne, sababu padri alitaka mutakatifu, lakini jiko letu linasema Kavira. Nyumba ile ilikuwa na jina la ubatizo alilolijua kila mutu wa Ulaya, na hawa Waholanzi wameandika mulangoni jina la nyumbani. Kavira alinieleza baadaye: zamani walikataa kukopa kwa Wagiriki, wakatengeneza la kwao wenyewe, wijs ni hekima, na ile niliyoiita bia ni hamu, kutamani. Walipika kwa chungu chao. Lakini hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule saa ya juu ya nyumba ilikuwa inapiga.

Mulango

Ndani, ngazi. Juu ya ngazi, mulango wa mbao wa mabawa mawili, na mbele yake bwana murefu ndani ya kanzu nyeusi, fimbo ya fedha mukononi yenye kengele juu. Bawa moja limekwisha kufungwa. Mukono wake uko juu ya lingine.

"Filozofi," nikasema, pumzi inakatika.

Hakujali. Bila shaka, kila aliyeingia pale alikuwa filozofi. Akaonyesha saa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama wanavyofanya watu wa sheria wanaokuonea huruma na hawakusaidii. Nikatafuta Kifaransa, kimekimbia. Nikatafuta neno lingine lolote la Ulaya, sina. Kupitia ule upenyo niliona kichwa cha mwanamuke kimesukwa misuko midogo, kama mama yake anavyosuka, kimeinama peke yake mbele ya meza ya watu wa kanzu nyeusi.

Nikajishika kifua. "Papa," nikasema. Nikaonyesha mule. "Kavira. Papa."

Yule bwana akanitazama. Akatazama mule ndani, akanitazama tena uso, macho, paji. Halafu akachukua kiroba changu cha samaki toka mukononi, akakiweka chini ya kwapa la kanzu yake, na akafungua mulango kwa upana wa mutu mumoja mwembamba.

Nikaingia. Akafunga nyuma yangu. Sijawahi kusikia mulango unafungwa vizuri vile.

Niliketi kiti cha mwisho. Kiatu changu kililia kwenye mbao, na Kavira akageuza kichwa.

Siandiki uso wake. Mumuulize mama yake, nilimueleza yeye peke yake.

Halafu wakaanza. Wale wa kanzu wanauliza, mumoja baada ya mwengine, na yeye anajibu, amesimama wima, mikono imetulia. Lugha sikuielewa, lakini nimeuza samaki maisha yangu yote, najua nani anashinda katika maneno. Alikuwa anashinda. Mwishoni profesa mumoja, mama wa nywele fupi nyeupe, akainama mbele na kuuliza kitu kwa sauti ndogo. Kavira alinieleza baadaye alichoulizwa: wewe umeandika kitabu juu ya watu waliokopa neno hili na watu waliojitengenezea lao, je, kwenu, wangetengeneza lipi?

Kavira hakujibu kwa lugha yao kwanza. Alijibu kwa yetu, akinitazama mimi.

"Njaa ya akili," akasema. "Nilipokuwa mudogo, nauliza kwa nini ziwa Kivu halifuriki, kwa nini volkeno inachagua usiku, papa yangu alikuwa anamuambia mama: mumupe chakula huyu, na hata mukimupa hatashiba, ana njaa ya akili. Ndiyo neno ninaloleta."

Halafu akawatafsiria. Yule mama profesa alirudi nyuma kwenye kiti chake, akaandika kitu, na akatikisa kichwa kwa kukubali, mara nyingi.

Hapo fimbo ikagonga sakafu, kengele zikalia, yule bwana wa mulangoni ameingia na kusema maneno mawili kwa sauti kuu, na wote wakanyamaza katikati ya sentensi. Mimi nilisimama kutafuta dirisha. Nilidhani vita imefika. Mutu wa pembeni yangu akanivuta koti pole-pole nikae. Kumbe ni saa tu imekwisha, ni desturi yao. Maprofesa wakatoka mustari mumoja, tukangoja, wakarudi mustari mumoja. Wakasoma karatasi ndefu. Wakamupa Kavira bomba jekundu lenye cheti ndani. Neno moja tu nililisikia wazi: dokta.

Na watu wakapiga makofi madogo-madogo, kama mvua inayoogopa bati. Jamani! Mutoto amepita kambi, amemuzika shangazi, amekula baridi ile, na munamupigia makofi ya kufukuza nzi?

Nikasimama. Nikavuta pumzi ya Goma.

"Dokta Kavira, oyé!"

Vichwa vyote vimegeuka. Mbele kule, ndani ya nguo yake nzuri, na bomba mukononi, dokta mwenyewe akainua ngumi: "Oyé!"

"Dokta Kavira, oyé!"

Wanafunzi wakashika, na yule binti wa nywele za karoti, sijui aliingiaje, sauti yake juu ya wote: "Oyé!"

"Njaa ya akili, oyé!"

Mara hii hata wale wa kanzu nyeusi walifungua vinywa, hata yule mama profesa, na yule bwana murefu alitikisa fimbo yake mpaka kengele zote zikalia. Waholanzi, wanaofunga mulango kwa saa, walipaza "Oyé!" mpaka vioo vikatetemeka. Na katikati ya makelele hayo yote Kavira akageuza kichwa tena, kutazama kiti cha mwisho, na mimi nilikuwa pale.